MWENYE TENDO NI NANI?
Somo la Kiingereza: Kupatanisha Kiima na Kitenzi



Baadhi ya vijana wetu wanaojiandaa kwa mitihani, na baadhi ya wazee wa kanisa wanaoandikia marafiki wa ng'ambo, wametuomba tueleze kosa moja linalowasumbua katika Kiingereza, nalo ni kupatanisha kiima na kitenzi. Kiima ni mwenye tendo katika sentensi. Kitenzi ni neno linalotaja tendo lake. Tutaanza na kosa letu wenyewe, ili mtu asidhani kwamba anayefundisha hajapata kujikwaa.

Miaka kadhaa iliyopita parishi yetu iliwaandikia marafiki wa Uingereza kuwaombea viatu mabinti wawili wa mlinzi wetu, waliokuwa karibu kuanza shule ya bweni. Katibu, kijana aliyemaliza shule mwaka uleule, aliandika hivi: "Please help the two daughters of our watchman who need shoes." Akatuletea barua tuisahihishe, maana anajua kwamba tulifundisha katika chuo cha ualimu miaka mingi. Tuliona neno "watchman" limesimama karibu na "need". Tukashika kalamu nyekundu, tukaongeza herufi "s", ikawa "who needs shoes". Kijana alitazama, akanyamaza kwa heshima.

Baada ya miezi mitatu kikaja kifurushi. Ndani yake mlikuwa na jozi moja ya viatu vya kiume, vikubwa na imara. Mzee mlinzi alishukuru sana. Mabinti zake walikuwa wamekwisha kwenda shuleni na kandambili. Marafiki zetu hawakukosea hata kidogo. Walisoma kama tulivyoandika, na sisi tuliandika kwamba mwenye kuhitaji viatu ni mlinzi.

Basi, ndugu zangu, herufi hii si pambo. Na tuitazame vizuri.

1. Alama moja tu iliyobaki

Katika Kiswahili kitenzi huvaa alama ya mwenye tendo karibu kila mahali. Twasema: kitabu kimeanguka, vitabu vimeanguka, mti umeanguka, miti imeanguka. Hata mtoto ambaye hajaingia darasani hawezi kusema "kitabu umeanguka".

Kiingereza kimepoteza sehemu kubwa ya alama hizo. Husemwa: I walk, you walk, we walk, they walk. Ni pale tu mwenye tendo anapokuwa mmoja anayesemwa habari zake, yaani he, she au it, na tendo likawa la wakati uliopo, ndipo herufi "s" inapoongezwa: he walks. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 alama hiyo iliandikwa "eth", kama katika maneno loveth na giveth. Baadaye "s" ikachukua nafasi yake. Tendo likiwa limepita, alama haipo: he walked, they walked. Walioachwa na desturi yao ya zamani ni "was" kwa mmoja na "were" kwa wengi, ingawa "you" huchukua "were" hata akiwa mmoja.

Angalieni jambo linalowapotosha wengi. Herufi "s" kwenye jina huonyesha wingi, lakini kwenye kitenzi huonyesha umoja. The boy runs; the boys run. Na majina mengine yana wingi bila "s": the children sing, the people wait. Tena, kitenzi "does" kikitangulia, kimekwisha kuibeba alama, wala haibebwi mara mbili. Tuseme "Does he go?" wala si "Does he goes?"

2. Mtafute mwenye tendo, si jirani yake

Kosa letu la viatu lilitokana na kumtazama jirani. Jina lililo karibu na kitenzi si lazima liwe ndilo lenye tendo. Chukueni sentensi hii: "The box of candles is on the table." Wengi huandika "are" kwa sababu "candles" ni nyingi na ziko karibu. Lakini isemeni kwa Kiswahili: sanduku la mishumaa liko mezani. Hakuna atakayesema "iko mezani", maana kilicho mezani ni sanduku. Kadhalika: ufunguo wa makabati umepotea, "The key of the cupboards is lost."

Hapa lugha yetu ni msaada mkubwa. Kabla ya kuandika kitenzi cha Kiingereza, jiulize kwa Kiswahili, na kiambishi kitakujibu. Neno "who" la Kiingereza halisemi kama ni mmoja au wengi. Husubiri kitenzi kiseme. Kiswahili husema papo hapo: anayehitaji, wanaohitaji. Laiti tungejiuliza siku ile, tungesema "mabinti wa mlinzi wanaohitaji viatu", na kalamu nyekundu ingebaki mfukoni.

Njia hiyo husaidia pia kwa maneno "each" na "everybody". Kila mmoja wa wasichana ana kitabu: "Each of the girls has a book." Kila mtu anajua: "Everybody knows." Wawili waliounganishwa kwa "and" ni wengi: "The vicar and the catechist are here." Na sentensi ikianza na "there", mwenye tendo yuko mbele, mtazame huko: "There is one chair", "There are two chairs."

3. Mahali ambapo Kiswahili hutupotosha

Lakini msaidizi huyu si wa kufuatwa kila mahali, maana lugha mbili hazihesabu vitu kwa namna moja. Sisi twasema habari zimefika, Mwingereza husema "The news has arrived." Twasema nywele zangu zimelowa, yeye husema "My hair is wet." Pesa zimepotea ni "The money is lost." Maziwa yameharibika ni "The milk is spoilt." Vitu hivi vyote Mwingereza huvihesabu kuwa kimoja.

Kwingine ni kinyume. Suruali imechanika, kwetu ni moja; kwake ina miguu miwili, naye husema "The trousers are torn." Mkasi umepotea ni "The scissors are lost." Miwani imevunjika ni "The spectacles are broken." Polisi nao kwake ni wengi daima: "The police are coming."

Fedha zikitajwa kama jumla moja huchukua umoja: "Five thousand shillings is enough." Na neno "committee"? Waingereza hukubali "is" na hukubali "are". Wamarekani hupendelea "is". Chagueni moja, mshikamane nalo tangu mwanzo wa barua hadi mwisho.

Maneno ya namna hii hayana kanuni ya kuyakamata yote. Dawa yake ni daftari dogo. Kila ukutanapo na neno ambalo Mwingereza analihesabu tofauti na sisi, liandike pamoja na kitenzi chake.

4. Tusioneane haya

Katika mikutano tumeona watu wenye mawazo mema wakikaa kimya wageni wakifika, kwa kuogopa kuchekwa kwa sababu ya herufi hii. Hofu hiyo si ya lazima. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa Askofu, alikuwa Mwingereza msomi, naye ilimpasa kujifunza ngeli zetu. Mwaka 1870 alichapisha kitabu chake cha kuwaeleza Waingereza lugha ya Kiswahili. Mgeni anayejifunza kwetu ana ki- na vi-, u- na i-, li- na ya-, na nyingine nyingi za kukumbuka. Sisi tuna "s" moja na maneno machache ya ukaidi. Tukosee, tusahihishwe, tuendelee.

Na anayesahihisha naye akubali kusahihishwa. Kifurushi kile kilipofika tulimwuliza katibu kwa nini hakusema neno. Akajibu, "Mwalimu, nilidhani ninyi mnajua zaidi." Tulimwomba radhi mbele ya kamati, naye akaandika barua ya pili kwa mkono wake, pasipo kalamu yetu. Mabinti walipata viatu muhula wa pili. Vijana, mkituona tumekosea, semeni. Heshima haizuii kuuliza, na mwalimu asiyeulizwa hupotea pamoja na darasa lake.

Zoezi

Chagueni kitenzi kinachofaa.
1. The door of the offices ... open. Is au are?
2. My hair ... long. Is au are?
3. Each of the elders ... a chair. Has au have?
4. His trousers ... torn yesterday. Was au were?
5. We thank the sons of the widow who ... in the choir. Sing au sings?

Majibu

1. Is, maana kilicho wazi ni mlango. 2. Is. 3. Has. 4. Were. 5. Hapa hakuna jibu mpaka mwulize kwanza: anayeimba kwaya ni nani? Wakiwa ni wana, andikeni "sing". Akiwa ni mjane, andikeni "sings". Lakini ni afadhali kuipanga sentensi upya, asiwepo wa kukosea kama sisi.