Kutoka Yoyo hadi Mashine ya Damu

Somo letu linahusu kitu cha kuchezea.

Mwaka 2013, Manu Prakash wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alitembelea vituo vya afya hapa Uganda. Katika kimoja alikuta mashine ya kuzungusha damu inatumika kuzuia mlango usijifunge, kwa kuwa umeme haukuwepo. Damu ikizungushwa kwa kasi, chembe nzito hutengana na maji yake, na vimelea vya malaria huweza kutengwa vipimwe. Bila mzunguko huo, mgonjwa husubiri.

Prakash na Saad Bhamla walirudi kwenye michezo ya watoto: yoyo, pia, na kifungo cha shati kilichopitishwa uzi.

Kwa nini si yoyo?
Yoyo hupata nguvu kwa kurushwa mara moja, kisha msuguano huimaliza. Kifungo chenye uzi huvutwa tena na tena: uzi hujisokota, unavuta, unalegeza, unavuta. Kila mvuto huongeza nguvu. Kasi ikizidi mara mbili, nguvu ya kusukuma nje huzidi mara nne.

Mwaka 2017 walitangaza kifaa cha karatasi chenye uzito wa gramu 2 na gharama ya senti 20 za Marekani. Kilifikia mizunguko 125,000 kwa dakika, na kutenganisha damu kwa dakika moja na nusu.

Tujaribu wenyewe
1. Kata duara mbili za katoni ngumu, kipenyo sm 10, uzigandishe pamoja.
2. Toboa matundu mawili, kila moja mm 2 kutoka katikati. Yasipolingana, duara litayumba.
3. Pitisha mshipi wa kuvulia samaki, ufunge ncha kwenye vijiti viwili.
4. Zungusha duara mpaka mshipi usokoteke, kisha vuta na kulegeza kwa mpigo.

Badilisha kitu kimoja tu kila mara: ukubwa wa duara, au unene wa mshipi. Andika matokeo. Ukibadilisha viwili pamoja, hutajua kipi kimesaidia.

Tahadhari: usiweke damu wala chupa, na wenzako wakae mbali.

Maswali ya kujadili
- Kwa nini duara kubwa sana hupunguza kasi?
- Ni kifaa gani kingine, katika zahanati za Nakivale au kijijini kwenu, kinachosubiri umeme?

Tunaomba elimu yenye manufaa. Basi tuanze na katoni iliyo mkononi.