Taa ya Baiskeli Isiyotulia

SWALI: Naendesha baiskeli alfajiri kwenda kazini, Tabora. Nikipita kwenye rasta, taa ya mbele inainama. Ya nyuma, niliyoifunga kwenye bomba la kiti, imeshadondoka mara mbili. Nifanyeje?

JIBU: Usikimbilie kukaza skrubu. Kishikio cha plastiki kikikazwa mno hupasuka, na kisipopasuka bado kitateleza, kwa sababu chuma cha usukani ni laini na mara nyingi kina mafuta. Sugua chuma hicho kwa sabuni, kikauke kabisa. Kata kipande cha tyubu kuukuu, kizungushe mara moja pale kishikio kinapokaa, ndipo ukaze kwa kiasi. Mpira hushika chuma na kupunguza mtikisiko, ambao ndio hulegeza skrubu.

Taa ya nyuma ifanyie vivyo hivyo, kisha ipitishie kamba fupi uifunge kwenye fremu. Ikichomoka itaning'inia tu. Kamba isifikie spoku hata kidogo! Na kama unabeba mzigo, taa hiyo ihamishie nyuma ya keria, maana gunia likiifunika dereva wa lori hakuoni. Mpira ukianza kupasuka kwa jua, badilisha.