Uzi wa Sufu wa Rangi ya Mimea: Je, Unafaa Kazi Yenu?

Akina mama wanaosokota sufu hujiuliza kama waache rangi ya dukani, watumie ya mimea. Tusikimbilie kujibu. Kwanza tuulize kile tunachofuma kitatumiwaje kwa mnunuzi.

Tuchukue sweta za shule. Shule inataka sweta 60 za rangi moja, na mwakani inataka zingine zinazofanana kabisa na hizo. Rangi ya mimea haiwezi kuahidi hivyo. Majani ya wakati wa mvua hayatoi rangi sawa na ya kiangazi, na hata maji ya kisima huibadilisha. Tena sweta ya mtoto hufuliwa kwa sabuni kali na kuanikwa juani. Oda ikirudishwa, pesa za hisa za wanachama ndizo zimelala hapo. Kwa kazi hiyo nunueni uzi wa dukani, bila aibu.

Zulia, shali au pambo la ukutani ni habari nyingine. Rangi ikitofautiana kidogo, wanunuzi wengi hupenda. Lidia wa Thiatira (Matendo 16:14) aliuza zambarau, na bila shaka hakuuza nguo za kulimia! Ila uzi wote wa zulia moja utiwe rangi katika sufuria moja, siku moja. Sufuria hiyo isirudi jikoni.

Hesabuni pia. Kwa kilo 1 ya uzi mkavu, gramu 100 hivi za shabu zinatosha kushikisha rangi. Lakini maganda ya vitunguu yatakiwa karibu kilo 1, na kwa vile ni mepesi, hayo ni mengi sana. Halafu kuni: saa moja ya shabu, saa nyingine ya rangi. Nani atazilipia? Kondoo wa kijivu au wa kahawia ana rangi yake tayari, bure.

Manjano ya jikoni yanapendeza lakini hufifia upesi juani, hatuyashauri. Maganda ya vitunguu, na lile gugu ambalo Wakikuyu huita mubangi, huvumilia zaidi.

Kabla ya mkutano ujao, chukueni vipande viwili vya uzi mliotia rangi. Kimoja kifunikeni nusu kwa kadibodi, kikae juani wiki mbili. Kingine kifueni kwa sabuni ya mnunuzi, pamoja na kitambaa cheupe. Vileteni mkutanoni, kila mtu avishike na kuviangalia, ndipo mpige kura.