Kwa Nini Tutii? Maswali ya Falsafa ya Siasa Kutoka Magamba

Ukipanda kutoka mji wa Lushoto kwenda Magamba, mpaka wa msitu unauona kwa macho. Huku kabichi, karoti na viazi vimepanda mteremko hadi mwisho wa ruhusa, na kule inaanza miti mirefu ya hifadhi. Anayelima hapo analijua swali kuu la siasa kuliko wanafunzi wengi wa chuo: nani ana haki ya kumwambia mwenzake "hapa usivuke", na alipewa na nani? Wanafalsafa wa Ulaya wamebishana juu ya jambo hilo kwa karibu miaka 400, na mabishano yao yameacha alama katika Katiba yetu, sheria zetu za ardhi na hata mkutano wa kijiji. Haya ni baadhi ya maswali yanayoulizwa sana kuwahusu.

Hobbes aliogopa nini?

Vita vya wenyewe kwa wenyewe. Thomas Hobbes alizaliwa Uingereza mwaka 1588, akashuhudia nchi yake ikipasuka na Mfalme Charles wa Kwanza akikatwa kichwa mwaka 1649. Mwaka 1651 akatoa kitabu chake, Leviathan. Anasema pasipo mamlaka moja inayoogopwa na wote, kila mtu ni tishio kwa jirani yake, na hakuna anayepanda akiwa na uhakika wa kuvuna. Basi wenye akili watakubaliana kumkabidhi mtawala nguvu zao, hata awe mkali, kwa sababu mkali mmoja ni nafuu kuliko mia.

Wazee wa Kisambaa wangemwelewa mara moja. Mfalme wao, Kimweri ye Nyumbai, alitawala kutoka Vugha hadi alipofariki mwaka 1862. Kiti kilikwenda kwa mjukuu wake, Shekulwavu, lakini Semboja, mwana wa Kimweri, alikuwa amejikita Mazinde, bondeni, kwenye njia ya misafara, ambako bunduki zilipatikana. Vita vikazuka, Wabondei wakawaasi Wakilindi, yaani ukoo huo wa kifalme, na watu wengi wakatekwa na kuuzwa pwani. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyewasikiliza wazee wa Usambara na kuandika juu ya wakulima wake kama watu wa fikra, alikuta jambo hili likielezwa kwa habari za mvua na njaa: nguvu moja ikishika nchi, nchi inapona, nguvu ikipambana na nguvu, nchi inaharibika.

Hata hivyo kuna pahala wanapoachana. Hobbes anamtaka raia avumilie karibu kila kitu maadamu mtawala bado anamlinda. Usambara, mvua ikikataa, Simba Mwene, yaani mfalme mwenyewe, ndiye aliyetakiwa kujieleza.

Na mtawala akiwa ndiye mharibifu?

Hapo anaingia John Locke, ambaye maandiko yake mawili juu ya serikali yalitoka mwaka 1689. Kwake utawala ni amana. Watu wameutoa kwa ridhaa yao ili maisha, uhuru na mali zao zilindwe, na amana ikivunjwa wanaweza kuidai. Ibara ya 8 ya Katiba yetu ya mwaka 1977, inayotaja wananchi kuwa msingi wa mamlaka yote, ni ya ukoo huo.

Lakini kabla ya kumpa Locke hati miliki ya wazo la ridhaa, someni Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi. Humo Mbegha, mwindaji kutoka Nguu, anawaua nguruwe wanaoharibu mashamba, anagawa nyama, anaamua mashauri ya watu, na hatimaye watu wa Vugha wanamtawaza. Ni simulizi ya Wakilindi kujihalalisha wenyewe, sikatai. Ila tazama wanachojivunia: kwamba babu yao hakuja na jeshi, aliombwa.

Locke anahusikaje na mashamba ya Magamba?

Zaidi kuliko watu wanavyodhani. Locke alisema kila mtu anamiliki mwili wake na kazi ya mikono yake. Akifyeka pori na kulima, amechanganya jasho lake na udongo, basi kile kipande ni chake, mradi amewaachia wengine cha kutosha na kizuri vilevile. Mkulima yeyote atapiga makofi.

Sasa igeuze hoja uitazame nyuma. Ardhi isiyolimwa ni ya nani? Mfano wa Locke ulikuwa Marekani, ambako aliyaona mapori ya wenyeji kuwa bado hayajamilikiwa na mtu. Na hakuwa msomi wa mbali: aliwahi kuwa katibu wa mabwana wenye koloni la Carolina.

Sidai kwamba maofisa wa Kijerumani walipanda Usambara wakiwa na Locke mfukoni. Lakini amri yao ya tarehe 26 Novemba 1895 ilitangaza kuwa ardhi isiyo na mwenyewe ni ya Dola, na aliyeamua kama ina mwenyewe ni wao. Shamba lililopumzishwa, malisho, msitu wa matambiko: jembe halikuonekana pale, kwa hiyo mwenyewe hayupo. Mwaka huohuo walimnyonga Mputa, mwana wa Semboja. Baadaye miti ya Shume ilikuwa ikishushwa kwa waya wa juu hadi Mkumbara, kwenye reli. Ridhaa ya nani iliombwa?

Julius Nyerere alilijibu jambo hili mwaka 1958 katika andiko lake juu ya mali ya taifa. Aliikubali nusu ya hoja ya Locke na kuikataa nusu. Anayefyeka na kulima, alisema, anastahili kile alichokiongeza kwa jasho lake. Ardhi yenyewe hakuiumba, hivyo haiwezi kuwa bidhaa yake ya kuuza. Umilikaji wa ardhi wa milele ulioachwa na wakoloni ukafutwa miaka michache baada ya Uhuru. Ndiyo sababu kwa muda mrefu mtu aliyehamishwa alilipwa maendelezo, yaani nyumba, miti na mazao, bila ardhi kuhesabiwa. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zikaja kutamka kwamba ardhi nayo ina thamani. Kwa maoni yangu hapo Locke alirudi kupitia mlango wa uani.

Mtu anaweza kulazimishwa kwa faida yake mwenyewe?

John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu uhuru, anajibu hapana. Sababu pekee ya kumlazimisha mtu mzima ni kuzuia asiwadhuru wengine. Ukurasa huohuo unatoa watoto, na pia unazitoa jamii alizoziita za kishenzi, ambazo kwake udikteta wenye nia njema unazifaa. Mill alifanya kazi katika Kampuni ya Uhindi ya Mashariki kuanzia 1823 hadi 1858, kwa hiyo haukuwa utelezi wa kalamu.

Wasambaa waliishi ndani ya mabano hayo ya Mill. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha mradi wa kuzuia mmomonyoko katika bonde la Mlalo, na baadaye ukapanuliwa. Wakulima waliamriwa kuchimba matuta kwenye miteremko, na aliyekataa alikabiliwa na faini au jela. Ni kazi ya jembe la mkono, siku nyingi za kuinama, na mzigo mkubwa uliwaangukia wanawake. Chuki ilikuwa kubwa, chama cha TANU kikaidaka, na kabla ya Uhuru mradi ukaachwa.

Kinachonishangaza ni kwamba mmomonyoko ni madhara kwa wengine kwelikweli. Udongo wa shamba la juu hufukia shamba la chini. Mabwana shamba wangeweza kujenga hoja yao juu ya Mill yuleyule, wakazungumza na watu kama watu wazima. Hawakuona haja.

Nyerere, alipokuwa mwanafunzi Makerere miaka ya 1940, aliandika juu ya uhuru wa wanawake akitumia hoja za Mill. Chombo kinaweza kumzidi aliyekiunda.

Rousseau ana nafasi gani kijijini?

Katika kitabu chake cha mwaka 1762 kuhusu mkataba wa jamii, Jean-Jacques Rousseau wa Geneva alitaka watu wajitungie sheria wenyewe, kila mmoja akijiuliza lipi lina heri kwa wote na si lipi linamfaa yeye. Mkutano mkuu wa kijiji, wenye wakazi wote waliotimiza miaka 18, unafanana na ndoto hiyo. Kisheria halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo. Rousseau alionya juu ya vikundi vinavyokubaliana pembeni kabla ya kikao. Mkutano ulioitwa siku ya gulio, wenye mambo mazito na watu wachache, angeutilia shaka. Wanawake, hata hivyo, yeye mwenyewe asingewaita.

Na Rawls?

Mmarekani John Rawls, mwaka 1971, alipendekeza jaribio: pangeni kanuni za haki kana kwamba hamjui kila mmoja atakuwa nani. Lifanyeni kwenye mfereji wa kumwagilia. Gawaneni zamu za maji bila mtu kujua kama shamba lake liko juu au chini kabisa.

Nianze kusoma wapi?

Leviathan ni kinene. Sura ya 13 inatosha kwa kuanzia. Kwa Locke, sura ya 5 ya andiko la pili, ile ya mali, isomwe kando ya kifungu cha 8 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Mill ni mfupi, na mabano yake yako kwenye sura ya kwanza. Habari za Wakilindi kimeandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, na mimi ningeanza nacho.