Mawingu ya Kusi na Maji ya Mlima Kilimanjaro

Katika miezi ya masika, tangu katikati ya Machi hata mwisho wa Mei, mtu wa pwani aliyepanda bara akakaa mtaa wa Soweto, katika mji wa Moshi, huona jambo la kumshangaza. Bahari ameiacha nyuma yake zaidi ya kilomita 200, na huku kila asubuhi huamka chini ya wingu zito la kijivu, manyunyu yakimwangukia na upepo wenye unyevu ukimpiga. Mlima Kilimanjaro, uliosimama upande wa kaskazini wa mji, hupita siku nyingi asiuone. Wengi hudhani kwamba hiyo ni hali ya mlima peke yake, na kwamba pwani haina sehemu ndani yake. Dhana hiyo si kweli, na bayana yake ni hii ifuatayo.

Mas-ala ya kwanza: Wingu hilo latoka wapi?

Jawabu: Latoka baharini, nalo huchukuliwa na pepo zile zile zijulikanazo na manahodha. Kaskazi huvuma tangu Desemba mpaka Machi, na kwa upepo huo majahazi ya Arabuni yalikuwa yakishuka Mombasa, Unguja na Kilwa. Jua likivuka kwenda kaskazini, ukanda wa mvua hulifuata, kaskazi hulegea, na kusi huingia. Kusi imepita juu ya Bahari ya Hindi masafa marefu, nayo imenywa mvuke mwingi wa maji ya uvuguvugu. Basi upepo ule ule ambao katika nguvu zake huwafanya wavuvi wafunge ngarawa zao, ndio umpelekeao mkulima wa Moshi mvua yake.

Mas-ala ya pili: Ikiwa upepo umebeba maji, mbona hauyamwagi yote njiani? Kati ya Tanga na Moshi iko nyika kavu ya Mkomazi na ya Same.

Jawabu: Mvuke haugeuki maji mpaka upoe, na hewa hupoa inapopanda juu. Katika nyika upepo hupita chini, wala hakuna ukuta wa kuuinua. Ufikapo Kilimanjaro hukuta kizuizi chenye kimo cha mita 5,895, ukalazimika kupanda, na kwa kadiri ya kila mita 1,000 joto hupungua yapata digrii sita. Hapo mvuke hukusanyika ukawa wingu, na wingu likawa mvua. Kwa sababu hiyo mji wa Moshi, ulio chini ya mlima, hupata kiasi cha milimita 900 za mvua kwa mwaka. Na katika msitu ulio juu yake, karibu na kimo cha mita 2,200, mvua hupita milimita 2,000. Zaidi ya hapo mvua hupungua tena, kwa kuwa upepo umekwisha kutua mzigo wake. Kadhalika mlima una goshini na demani kama chombo: upande wa kusini, unaoelekea upepo, ni wa rutuba, na upande wa kaskazini, uliojificha nyuma, ni mkavu.

Mas-ala ya tatu: Manyunyu yana faida gani, nayo hayajazi hata ndoo?

Jawabu: Masika yakiisha, kusi haiishi. Katika Juni, Julai na Agosti, wakati wa kipupwe, Moshi huwa na baridi, na mawingu mapana ya chini huufunika mlima, pengine jua lisionekane mpaka mchana. Mawingu hayo hayana kimo kirefu kama yale ya masika, na matone yake ni madogo, hayafiki nusu ya milimita kwa upana. Mtu wa mjini huyadharau. Lakini huko juu msituni wingu halikai juu ya miti, bali hupita baina ya miti. Majani, matawi, na zile nyuzi za kijani zining'iniazo kama ndevu, huyanasa matone yasiyoonekana, yakaungana, yakadondoka chini. Mti basi huteka maji katika hewa siku ambayo mvua haikunya, na udongo wa msitu huyashika ukayaachia polepole.

Mas-ala ya nne: Je, maji ya Moshi si ya ile barafu ya kileleni?

Jawabu: Hili ndilo kosa lililoenea kuliko yote. Barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 12 hivi mwaka 1912, na ilipofika mwaka 2011 haikubaki hata mbili. Na maji yake ni sehemu ndogo tu ya maji ya mlima. Chemchemi kama Nsere na Shiri, zinywesazo mji, na mifereji ambayo Wachaga wameichimba tangu zamani kunyweshea migomba, hutegemea mvua na mawingu yaliyopokewa na msitu. Kwa hiyo mwenye kuililia barafu na huku ateketeza mti, amelia penye msiba mdogo akauacha ulio mkubwa. Tangu miaka ya 1970 moto umekula sehemu kubwa ya misitu ya juu, mahali hasa ambapo wingu hunaswa; na Oktoba 2020 moto mwingine uliwaka mlimani kwa siku nyingi. Mti ukiondoka, wingu hupita kama lilivyokuja, wala halina wa kulipokea.

Mas-ala ya tano: Hayo yamhusu nini mtu wa pwani?

Jawabu: Yamhusu sana, kwa kuwa maji hayo hurudi kwake. Mito ya Kikuletwa na Ruvu hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Hutoka hapo mto Pangani, ukapita Korogwe, ukazungusha mitambo ya umeme ya Hale na ya Pangani, kisha ukaingia baharini penye mji wa Pangani. Mto ukidhoofika, maji ya chumvi hupanda na kuingia ndani, yakaharibu minazi na mashamba yaliyo karibu na mlango wake. Mkulima wa Pangani hapo hupata khasara kwa moto ambao hata moshi wake hakuuona.

Natija ya maneno haya ni kwamba pwani hutoa wingu, mlima hulipokea, na mto hurudisha amana. Katika watatu hao, awezaye kuharibiwa kwa mkono wa mtu upesi zaidi ni msitu. Msitu huo uliingizwa katika hifadhi ya taifa mwaka 2005, lakini sheria haizimi moto pasipo watu. Arinaye asali asiache kijinga nyuma yake. Na afyekaye shamba asiwashe siku ya upepo. Na aliye mbali, Tanga au Pangani, asifuje maji. Kwani ni mafundisho mashuhuri ya dini kwamba mwenye kutawadha hafanyi israfu hata akiwa ukingoni mwa mto upitao.