SOMO: KUWAACHIA WAJUKUU URITHI BILA KUWAACHIA UGOMVI

Katika Ubwari, Baraka na Fizi babu na nyanya wengi ndio baba na mama wa wajukuu wao. Vita vya mwaka 1996 na vya 1998 vilisukuma watu wetu kuvuka ziwa Tanganyika mpaka Kigoma, wakaishi katika kambi za Lugufu na Nyarugusu. Wengine walianza kurudishwa kwa meli hadi Baraka mwaka 2005. Mwaka 2025, vita vilipofika Uvira, jamaa nyingi zilikimbia tena. Katika safari hizo wazazi wengi walikufa au walipotea, na watoto wakabaki mikononi mwa wazee.

Mzee akifa bila kupanga mambo yake, mara nyingi ugomvi unaanza matanga hayajaisha. Ami anachukua shamba, shangazi anafukuzwa, yatima wanaambiwa: «Baba yenu alikufa, hamna kitu hapa.» Ugomvi wa shamba moja unaweza kugawanya ukoo mzima. Kwa hiyo kupanga urithi ni kazi ya amani.

Sheria inasema nini?

Sheria ya Jamaa ya Kongo ni ya tarehe 1 Agosti 1987, na ilirekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Tukumbuke mambo manne:

1. Watoto wa marehemu ni warithi wa kundi la kwanza, wavulana na wasichana sawasawa. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa yumo pia, kama marehemu alimtambua kisheria alipokuwa hai.

2. Kundi hilo linapata angalau robo tatu ya mali. Kundi la pili, yaani mume au mke aliyebaki, wazazi, na ndugu wa marehemu, lina sehemu yake katika robo inayobaki.

3. Mtoto wa mzee akiwa alikufa kabla ya mzee, watoto wake wanasimama mahali pake. Sheria haiulizi kama ni watoto wa mvulana au wa binti. Mjukuu aliyezaliwa na binti, hata yule ambaye baba yake hajulikani, anasimama mahali pa mama yake.

4. Mjukuu ambaye mzazi wake yu hai si mrithi wa babu. Mzee akitaka kumpa kitu, ampe akiwa hai au aandike katika wosia, bila kupunguza sehemu ya watoto.

Tuchukue mfano. Mzee ana michikichi 160 na watoto wanne. Mmoja, binti, alikufa ukimbizini akaacha watoto wawili. Robo tatu ni michikichi 120. Ikigawanywa kwa wanne, kila mmoja ana 30. Wale yatima wawili wanachukua 30 ya mama yao, kila mmoja 15. Hawaombi msaada kwa wajomba wao. Wanapokea haki yao.

Mzee afanye nini akiwa bado na nguvu?

Kwanza, atafute karatasi za watoto. Yatima hawezi kusimama mahali pa mzazi wake ikiwa hakuna kinachoonyesha kwamba ni mtoto wake, na kwamba mzazi huyo alikufa. Kuandikisha mtoto katika ofisi ya etasivili ni bure ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa. Siku hizo zikipita, ni lazima kupitia tribinali ipate kutoa hukumu inayoshika mahali pa cheti. Waliozaliwa kambini Tanzania watunze vizuri cheti cha huko na karatasi za HCR. Ni ushahidi.

Pili, aonyeshe mipaka. Mashamba yetu mengi ni ya desturi, hayana hati ya serikali, na ushahidi wake umo katika vichwa vya wazee. Mzee atembee shambani pamoja na majirani, wajukuu na shefu wa kijiji. Yaandikwe: mto uko wapi, mti gani ni mpaka, nani yuko kila upande. Wote watie sahihi au kidole. Asiandike kuwa lake shamba ambalo ukoo ulimwazima tu, kwa maana hawezi kurithisha kisicho chake.

Tatu, aandike vyote: kiwanja, nyumba, mtumbwi, nyavu, mifugo, hata madeni.

Nne, afanye wosia. Anayejua kuandika auandike wote kwa mkono wake mwenyewe, atie tarehe na sahihi. Hapa wengi wanaanguka: mjukuu aliyesoma anaandika, na babu anaweka kidole tu. Huo si wosia wa mkono mbele ya sheria. Asiyejua kuandika aende kwa noteri au kwa afisa wa etasivili, aseme, naye aandike. Wosia wa mdomo unakubaliwa kwa aliye katika hatari ya kufa, mbele ya mashahidi wazima wasiopungua wawili, na kwa mambo machache tu. Tusiungoje. Katika wosia mzee anaweza pia kumtaja mtu mwaminifu wa kugawa mali.

Tano, asifiche. Aite watoto wote, na wale walio mbali wapigiwe simu. Neno lililosikiwa na wote mzee akiwa hai ni vigumu kulipinga akiisha kuzikwa. Nakala moja ikae kwa mtu wa mji mwingine, maana tukikimbia, nyumba inaungua na karatasi.

Kazi ya viongozi

Wazee wa lubunga, mashefu na wachungaji, ninyi ndio mnaoitwa kwanza. Desturi yetu inajua kupatanisha, na hiyo ni mali kubwa. Lakini mapatano yanayomwacha yatima au binti bila kitu hayadumu. Siku moja atakua na atauliza. Wasikilizeni pia watoto na wajane kabla ya kukata neno. Andikeni mliyopatana. Kama hamkupatana, jamaa iende katika tribinali ya amani, isishike panga.

Kwa walio bado ukimbizini: msingoje kurudi. Orodha ya mali, majina ya majirani wa shamba na karatasi za watoto vinaweza kupangwa hata chini ya hema.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Katika jamaa yetu, ni wajukuu gani hawana cheti cha kuzaliwa?
2. Ni nani leo anayejua mipaka ya mashamba yetu? Akifa kesho, nani atajua?
3. Watoto wa mabinti zetu wanapata nini kwa desturi, na sheria inasema nini?
4. Mwezi huu tunaweza kufanya hatua gani moja?