Ukuta wa Kariba
Katika mto Zambezi, baina ya Zambia na Zimbabwe, upo ukuta wa zege wenye kimo cha mita 128. Haukunyooshwa, bali umepindwa mfano wa upinde, mgongo ukielekea ziwani. Maji yakiusukuma, uzito hupita ndani ya tao hata majabali ya kando zote mbili, nayo ndiyo yauchukuayo. Jabali likiwa bovu, ukuta hauna msaada.

Mto ulizibwa Desemba 1958, likatokea ziwa la kilomita zipatazo 280. Maji yake yashukayo huzungusha mitambo ya umeme. Lakini Watonga wapatao 57,000 walihamishwa, wakaacha mashamba yenye rutuba na makaburi ya wazee wao. Umeme wenyewe ukaenda migodini na mijini.